Kadi Nzito na Kadi Nyepesi

Jumanne, 18 Septemba 2007

Dionisia karudi kutoka dukani kwa Bashiri na vitu viwili vimefungwa kwenye gazeti. Nikadhani kaniletea samaki. Kumbe kadi za kompyuta. Kadi ya picha, ndivyo inavyoitwa. Iliyokuwamo kwenye mashine yake imekufa, skrini inaonyesha mistari mistari kama shuka la hospitali.

Huyu ndiye mjukuu aliyebaki na mimi hapa Nachingwea. Kasomea Mtwara kuchora majengo. Mtu analeta vipimo vya kiwanja, yeye anakaa kwenye kompyuta anamchorea nyumba, hata choo kinaonekana kilipo. Sasa Wakatoliki wa kigango cha Matambarale wanataka kujenga chekechea. Kamati imewaita wachoraji wawili, yeye na mwanaume mmoja wa Lindi. Tarehe 2 Oktoba, pale Ruangwa mjini, kila mmoja aonyeshe jengo lake likizunguka, walione mbele, nyuma, na ndani. Atakayeshinda atachora na kusimamia ujenzi mwaka mzima. Dionisia hajawahi kupata kazi kama hiyo. Hata kula hali vizuri.

Bashiri kampa kadi zote mbili azijaribu. Zimetumika, zimetoka Dar, bei yake moja. Achague moja, nyingine irudi Jumatatu. Hakumwandikisha popote. Kasema kwa Bibi Albina, yaani mimi, karatasi ya nini.

Nilicheka niliposikia. Kweli, karatasi ya nini.


Alhamisi, 20 Septemba 2007

Leo ndiyo siku ya kuzipima. Nilikaa kwenye kigoda pembeni. Pesa ya kununulia ni ya korosho zangu za mwaka jana, lazima nione.

Kadi ya kwanza nzito. Mgongoni ina bati nene la kupozea, limechanwa chanwa kama kitana. Haina feni, haina kelele. Ya pili nyepesi, ina kifeni kidogo kinalia kama nzi kwenye chupa.

Dionisia kaandika karatasi, nami nainakili hapa.

Nzito — kumbukumbu 256. Njia 64. Mbio 250.
Nyepesi — kumbukumbu 128. Njia 128. Mbio 300.

Nikamwambia basi imekwisha, mia mbili hamsini na sita ndiyo kubwa, tupike. Kasema ngoja kwanza, mke mwenzangu. Kumbukumbu ni ghala. Njia ni mlango wa ghala. Hii nzito ina ghala kubwa na mlango mwembamba, wabebaji wanasukumana pale mlangoni. Hii nyepesi ghala dogo, mlango mpana, magunia yanatoka mbio.

Nikamuuliza, nani anajenga ghala kubwa akaweka mlango wa banda la kuku. Kasema wapo, Bibi, wanataka ununue kwa kutazama ghala.

Halafu akaweka kadi nzito. Akalizungusha jengo la chekechea. Likazunguka kwa kushtuka shtuka, kama mzee anayeshuka ngazi. Kompyuta inahesabu yenyewe: picha tisa kwa sekunde. Akazima, akatoa, akaweka nyepesi. Jengo lile lile. Likaenda kama maji. Picha thelathini na nne. Akarudia mara tatu kila moja. Tisa, nane, tisa. Thelathini na nne, thelathini na tatu, thelathini na nne.

Hayo niliyaona kwa macho yangu. Nayaandika hivyo hivyo.

Lakini nilizishika pia zilipotoka kwenye mashine. Nzito ilikuwa vuguvugu tu. Nyepesi ilikuwa ya moto, na kile kifeni kimekwishakamata vumbi letu jekundu. Nikasema hiki kifeni Krismasi hakifiki. Dionisia kasema kinapakwa mafuta. Tukaachia hapo, umeme ulikatika.


Jumamosi, 22 Septemba 2007

Nimekasirika. Sijakasirika hivi tangu marehemu mume wangu alipouza baiskeli bila kuniuliza.

Edina jirani alikuja kuomba chumvi. Akakuta tunabishana. Mimi nimeshika kadi mbili, moja mkono huu, moja mkono huu. Miaka kumi na tisa chama cha msingi kilikuwa kinaniita kupima korosho kwa mkono kabla ya mizani. Nikishika konzi moja najua kama gunia limejaa au ni pepe. Wameletwa mabwana wenye visu vya kukata korosho katikati wazitazame ndani, wakakuta nilichosema ndicho kile kile. Mkono huu haujadanganywa. Nikasema nyepesi ni pepe. Kelele nyingi, ndani hamna kitu. Chukua nzito.

Dionisia akasema, "Hii siyo korosho, Bibi. Hapa mkono wako haujui."

Mbele ya Edina. Na Edina akacheka, meno yote nje, chumvi yangu mkononi.

 Nilizirudisha kadi mezani nikaenda kuchambua mbaazi. Mtoto niliyemlea mimi. Niliyempeleka Mtwara mimi. Mkono wako haujui.


Jumatatu, 24 Septemba 2007

Dionisia kaenda Matambarale kupima kiwanja, analala huko, anarudi kesho. Asubuhi kaniachia kadi zote mbili kwenye kikapu. Kasema mpelekee Bashiri. Mwambie tunachukua yenye feni. Aipake feni mafuta, aifunge vizuri isiingie vumbi, unirudishie. Nyingine abaki nayo.

Nikaenda.

Njiani nikazipima tena. Kila hatua mkono unaniambia kitu kile kile.

Bashiri alikuwa amefunga Ramadhani, midomo imekauka. Kaniamkia, kaniwekea kiti, kaniuliza habari za mguu. Nikatoa kadi. Nikamwambia tunachukua hii nzito. Akauliza, Dionisia ndiye kasema hii? Nikamjibu mimi ndiye ninayesema, wewe umeniona sina mdomo? Akacheka. Sawa Bibi, wewe ndiye mkubwa. Akaifunga kwenye boksi, akazungusha gundi ya karatasi kila upande.

Nilikuwa bado nakunywa maji akaja mwanaume wa Masasi mwenye chumba cha gemu. Akaikuta ile nyepesi juu ya meza. Akaigeuza mara moja tu, akalipa, akaondoka nayo. Hakuuliza hata habari ya feni.

Nikajisemea, mjinga huyo kanunua pepe.

Nilitembea kurudi nyumbani kifua mbele. Nataka niukumbuke huo mwendo.


Jumanne, 25 Septemba 2007

Karudi saa nane, vumbi hadi kwenye kope. Kabla ya kunawa akachukua kisu akafungua boksi. Akatazama. Akaligeuza boksi, akatazama tena kama iko nyingine chini.

"Bibi, hii ni ile nzito."

Nilikuwa na maneno yangu tayari. Niliyapanga njia nzima jana: mwenye korosho ndiye mwenye kuchagua, na utakuja kunishukuru. Lakini alikuwa na uso ule aliokuwa nao mama yake siku alipoambiwa matokeo ya damu. Hakuwa na hasira. Hofu tupu.

Nikasema, "Mimi nilimpa zote mbili kama ulivyoniagiza. Alichofunga humo sikukiona."

Neno lilitoka lenyewe. Sikulitafuta. Likishatoka halirudi mdomoni, nimejaribu.


Jumatano, 26 Septemba 2007

Dionisia alikwenda dukani asubuhi. Mimi nilisema mguu unauma. Nimesimuliwa na Edina, aliyesimuliwa na Kaimu, yule fundi viatu anayekaa barazani pale pale, kwa hiyo nusu yake nitoe. Hata nikitoa nusu inatosha.

Bashiri alisema, dada, Bibi yako ndiye aliyesema nzito. Dionisia akasema Bibi yangu ana miaka sabini na mbili, humwonei aibu kumsingizia? Yule akasema nenda kamuulize tena, taratibu. Naye mjukuu wangu — kwa ajili yangu, kwa kunitetea mimi — akasema kwa sauti hadi watu wa sokoni wakageuka: umefunga Ramadhani na mkono unaiba. Umemuuzia wa Masasi kadi yangu kwa kuwa alikuwa na pesa mkononi.

Edina anasema Bashiri alianza kupanga makasha ya wino, yale yale ambayo yamekwishapangwa.

Mtu aliyefunga. Mwenye midomo imekauka. Aliniwekea kiti.


Ijumaa, 28 Septemba 2007

Kaimu anapita anatania watu: ukienda kwa Bashiri hesabu vidole vyako ukitoka. Mwalimu mmoja wa kike kahamisha fotokopi zake. Edina ndiye gazeti, anakuja mara mbili kwa siku na hana chumvi ya kuomba.

Dionisia anafanya kazi na kadi nzito. Hakuna nyingine mji mzima. Ameondoa miti kwenye picha, ameondoa watoto aliowachora wanacheza, ameondoa vivuli, ili jengo liwe jepesi kuzunguka. Kila akiondoa kitu anahesabu. Kumi na moja. Kumi na mbili. Anasema ikifika kumi na tano hawataona kushtuka.

Nimempikia kisamvu cha nazi. Kala vijiko vitatu.


Jumapili, 30 Septemba 2007

Kanisani leo sikwenda kukomunika. Nimekaa benchini nikatazama migongo ya watu. Edina kauliza kama ni tumbo. Nikasema ndiyo, tumbo. Uongo wa pili huo.

Niliomba jambo la kipumbavu. Niliomba kadi nzito ifanye vizuri Jumanne. Ikifanya vizuri kazi itapatikana, na mimi nitakuwa nilichagua sawa, na uongo utakuwa mdogo, nitausema siku moja tukiwa tunacheka. Nimemwomba Mungu anisaidie kuwa na haki. Padri angenifukuza.


Jumanne, 2 Oktoba 2007

Tulikwenda wote wawili Ruangwa kwa gari la mbao. Skrini niliipakata mimi, nimeizungushia kanga mbili, kila shimo la barabara nilitanguliza magoti yangu. Ukumbini waliwasha jenereta. Kamati watu saba, mwenyekiti Mzee Amedeus, mwenye miwani imefungwa kwa uzi.

Yule wa Lindi alianza. Jengo lake baya. Paa la kofia, madirisha kama ya gereza. Lakini lilizunguka! Liliingia ndani, likatoka, likapanda juu likatazama paa, hakuna kushtuka. Baadaye Dionisia alimuuliza kadi yake ni ipi. Ni ndugu ya ile nyepesi. Kumbukumbu 128, njia 128. Feni inalia.

La kwetu lilikuwa zuri. Kila mtu aliona lilivyokuwa zuri likiwa limesimama. Baraza refu la watoto kukwepa jua, dirisha la jikoni limeelekea uwanjani ili mpishi awaone wakicheza. Kisha akalizungusha. Likaenda, likasimama. Likaenda, ukuta ukapotea, ukarudi. Mzee mmoja akasema, hili jengo limeshikwa na kifafa. Wakacheka. Mzee Amedeus akawanyamazisha, akamwambia binti, endelea usiogope. Akaendelea. Picha ikaganda mlango ukiwa nusu wazi, na haikutoka hapo tena mpaka alipozima mashine.

Akaomba awaonyeshe kwenye karatasi. Wakasema karatasi wanazijua, leo waliitana kwa ajili ya kompyuta.

Jibu walilitoa hapo hapo. Chekechea anajenga wa Lindi, na paa lake la kofia.

Garini Dionisia alinisogezea begi la nguo chini ya mguu ili usiumie. Hakulia. Alisema tu, "Bashiri kaniua, Bibi."


Jumatano, 3 Oktoba 2007

Sikuamka kwenda shambani.

Mchana aliitoa ile kadi kwenye mashine. Alichukua bisibisi akafungua skrubu nne, akaling'oa lile bati, akisema labda linashika joto. Kisha akachoka, akaviacha mezani akaenda kuoga.

Nilisogea. Nikashika bati mkono huu, kadi mkono huu.

Bati ndilo zito. Uzito wote ni wa bati. Kadi yenyewe bila bati ni nyepesi kuliko ile nyingine. Chini pale palipofunikwa pana kijiwe cheusi, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, ndicho kinachofanya kazi yote. Mimi nilipima ganda. Miaka kumi na tisa nimewacheka watu wanaopima ganda.

Angeniambia, ningemsikiliza? Aliniambia. Aliniambia Alhamisi na namba zake, nikazinakili kwa mkono wangu mwenyewe, ziko hapa juu kurasa chache nyuma. Nimezisoma tena leo. Sikukosa kuelewa. Nilielewa vizuri sana siku ile. Nilichotaka ni Edina asicheke.


Ijumaa, 5 Oktoba 2007

Eustakio mwanangu kaja na baiskeli kutoka Ruponda. Yeye ndiye mjomba wa Dionisia, na neno la mjomba kwetu ndilo neno. Kasikia huko huko. Kaja na hasira za watu watatu. Anasema Bashiri alete kadi nyingine na aombe radhi mbele ya ukoo, kumwibia mwanamke mzee ni kutudharau wote.

Jioni walitumiana watu. Bashiri kajibu hana cha kuombea radhi. Jumapili baada ya sala ya alasiri atakuja hapa uani kwetu na sheikh Mohamedi, ataapa kwa msahafu mbele yetu, na tukishasikia kiapo tumwachie jina lake. Eustakio kasema vizuri, aape, tumwone anavyoapa uongo na tumbo lina njaa ya Mungu.

Mimi nilikuwa nasonga ugali. Nilisonga mpaka ukawa jiwe.

Baadaye Dionisia alinifuata jikoni. Alikaa chini, akachukua mwiko mkononi mwangu. Akasema taratibu sana, "Bibi, pale dukani ulizitoa kadi wewe mwenyewe kwenye kikapu? Kama ulisahau nilivyokuagiza, si kitu. Mtu husahau. Mimi sitasema neno."

Mlango huo. Mpana kabisa, hata sikuhitaji kuinama kupita. Kuukubali uzee tu, basi, yamekwisha.

Nikamwambia, "Mimi sisahau."

Kwani mimi nani? Ningekufa kwa kusema nilisahau? Lakini ni kweli pia, sikusahau. Hata uongo wa kunifaa nimeukataa, nikashika ule wa kumuumiza mwenzangu.


Jumapili, 7 Oktoba 2007

Naandika jua bado liko juu. Wako uani.

Eustakio katandika mikeka miwili. Mmoja wetu, mkubwa. Mmoja wao, uko pembeni karibu na banda la kuku, kama wa watu waliokuja kudai. Bashiri kavaa kanzu nyeupe, kakonda. Sheikh Mohamedi kashika msahafu ndani ya kitambaa. Kaimu kaja bila kuitwa. Edina kaja na mfuko wa mbaazi eti tuchambue pamoja.

Bashiri alipoingia alikuja kwangu kwanza, kabla ya Eustakio. "Shikamoo Bibi." Mguu unaendeleaje. Marahaba haikutoka. Nikasema nafuata kitambaa ndani. Kitambaa kiko kichwani kwangu.

Eustakio anaeleza watu. Namsikia. Anasema mama yangu hajawahi kusema uongo tangu tumezaliwa, chama kizima cha korosho ni shahidi. Anasema mkono wa mama yangu. Watu wanaitikia. Hata Bashiri kaitikia. Nimesikia sauti yake, kasema ni kweli, Bibi tunamheshimu sote.

Ananiita sasa. Mama, tunakungoja wewe tu.

Dionisia kaja mlangoni. Kaniona na daftari. Hajawahi kuuliza ninaandika nini humu na leo hakuuliza. Nimemwambia atoke amwambie Bashiri asiushike msahafu kwanza.

"Nimwambie kwa nini, Bibi?"

Hajatoka. Amesimama hapo hapo, mkono kwenye mwimo wa mlango. Naandika ili nisimtazame. Sheikh kaanza kufungua kitambaa, namwona kupitia dirishani. Dionisia kasema tena, polepole kuliko mara ya kwanza, Bibi, nimwambie kwa nini, na mimi bado naandika.